VR ya gemu hapa Mombasa: kabla hujatuma pesa, pima chumba

Mtoto wa ami yangu, yule wa Tudor, alinipigia simu saa nne usiku na swali moja tu: nimtajie VR ipi kali anunue, yaani zile hedseti za kuvaa machoni ukajiona uko ndani ya gemu, pesa anazo, kuna jamaa yake anakuja kutoka Marekani na begi lina nafasi, kwa hivyo jibu alitaka usiku huo huo. Nikamuuliza, hapo chumbani kwako ukisimama katikati ukanyoosha mikono, wagusa nini? Akacheka, akaona namletea mzaha. Wallahi sikuwa na mzaha. Watu wanne watano nishawaona wamenunua hizi hedseti na saa hizi ziko juu ya kabati zala vumbi, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa sababu ya pikseli chache, zile nukta za picha. Mmoja hana pa kusimama, mmoja alinunua ya kuchomeka kwa kompyuta na kompyuta yenyewe hana, mmoja ilimtia kichefuchefu siku ya kwanza akaapa hairudii, na mmoja aliiua kwa jua, hio ntaieleza mbele maana inauma.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya hedseti kuna skrini mbele ya macho, kila jicho lapewa picha yake iliyopishana kidogo na ya mwenzake, kama vile wewe ukikitazama kikombe cha kahawa jicho la kulia na la kushoto hayakioni sawasawa, sasa ubongo ukizipata hizo picha mbili waziunga wenyewe waona kina. Skrini iko karibu mno na uso, jicho peke yake haliwezi kuisoma hapo, ndo maana katikati wametia lenzi. Kisha kuna kamera na sensa za kujua kichwa kiko wapi na kimeelekea wapi, kila dakika, ili ukigeuza shingo ile dunia ya gemu ibaki mahali pake isikufuate. Basi, ni hivyo. Skrini, lenzi, na kujua uliko. Hedseti zote ni hivyo vitu vitatu, pamoja na swali la nne ambalo ndo linawapoteza watu: hio picha yapikwa wapi?

Manake ziko zenye jiko lao ndani, zapika zenyewe na kukuletea machoni. Ziko zingine hazina jiko, zangoja picha ipikwe na PS5, ile mashine ya gemu ya Sony, PlayStation 5, ama kompyuta kisha iletwe kwa waya. Na iko ile aina ya tatu ambayo si hedseti hata, ni boksi la plastiki la kutia simu yako, na hio ndo iliyonipiga mimi.

Mwaka ule nilitoa shilingi 2,500 taslimu, duka silitaji, muuzaji akaniapia kuwa hii ndo VR yenyewe wanayocheza Wazungu. Wazo la kutia simu kwa boksi Google ndo walilipa umaarufu mwaka 2014 na lile lao la kadibodi, na kwa kuangalia video ya papa baharini si baya, lakini kwa gemu ni bure. Simu inajua umegeuza shingo, haijui umepiga hatua. Ukiinama kuokota kitu dunia nzima inainama na wewe, ukisogea mbele hakuna kinachosogea, na mikono yako haipo kabisa mle ndani. Wenye fani huita hio digrii tatu za mwendo, na ile ya kweli ni digrii sita, yaani kugeuka kote pamoja na kwenda mbele, nyuma, pembeni, juu na chini. Google wenyewe walianza kuiacha biashara ya VR ya simu mwaka 2019. Bado mabokisi yauzwa mjini mpaka leo, na bei yake ndo inayotega, maana mtu ajiambia ah, acha nijaribu na ya bei rahisi kwanza, nikiipenda ntanunua kubwa. Hutaipenda. Utasema VR ni upuzi, na hujaiona VR bado.

Sasa zile zenye jiko ndani. Hapa kwa kweli kwa bei ya mtu wa kawaida mazungumzo ni ya Quest za Meta, wale wenye Facebook, na kuna tatu mtakazokutana nazo: Quest 2 ya mwaka 2020, Quest 3 ya Oktoba 2023, na Quest 3S ya Oktoba 2024. Watu wachanganyikiwa na 3S kwa sababu ukisoma karatasi ya boksi skrini yake ni ile ile ya Quest 2, pikseli 1832 kwa 1920 kila jicho, lenzi za aina ile ile ya zamani, basi mtu asema si hii ni Quest 2 wameibadilisha koti. Hapana. Chipu ya ndani ni ile ya Quest 3. Yaani macho ya mzee, akili ya kijana. Na kwa gemu akili ndo inayoamua gemu gani zitakubali kuwaka. Ile gemu ya Batman ya Arkham Shadow iliyotoka 2024 yacheza kwa Quest 3 na 3S peke yake, Quest 2 haiguswi, na zinazokuja nyingi ndo zaelekea huko. Kwa hivyo ukikuta Quest 2 ya mtumba kwa bei ya kutupa, sawa, ichukue ukijua umenunua gemu zilizokwishatoka, si zitakazotoka.

Kwa bei, 3S yenye GB 128 ilitoka kwa dola 300 na Quest 3 ilitoka kwa dola 500. Kwa dola moja shilingi 129 hivi hio ni kama 39,000 na 64,500, na hapo bado haijasafiri. Ikija kama mzigo kuna VAT ya asilimia 16 pamoja na ushuru na zile tozo zingine za forodha, kwa hivyo bei ya dukani ikiwa juu kuliko hesabu yako ya dola usikimbilie kusema muuzaji mwizi. Muulize jambo lingine: ikiharibika nani aitengeneza? Nyingi zinazouzwa hapa zimeletwa mkononi na waranti yake imebaki huko zilikonunuliwa. Na hazina nafasi ya memori kadi, GB ulizonunua ndo hizo mpaka ufe, gemu kubwa moja yaweza kula GB kumi, ishirini na zaidi, wewe piga hesabu.

Tofauti ya hizo dola 200 kati ya 3S na 3 iko machoni, na hapa nataka nikae kidogo maana hii sehemu watu huipita mbio na ndo sehemu yenyewe. Lenzi za 3S, na za Quest 2, na hata za PlayStation VR2, ile hedseti ya PS5, ni lenzi za Fresnel. Fresnel alikuwa Mfaransa, na lenzi yake hakuitengenezea gemu, aliitengenezea minara ya taa ya kuongoza meli, ya kwanza ikawekwa mnara wa Cordouan huko Ufaransa mwaka 1823. Lenzi ya kawaida kubwa ni nzito na nene, yeye akaikata kuwa miduara miduara iliyopangwa kama ngazi, ikawa nyembamba na mwanga waenda mbali. Sisi watu wa bandari hatuna haja ya kuelezwa faida yake. Lakini ile miduara ukiiweka sentimita chache kutoka kwa jicho lako yaonekana: maandishi meupe juu ya giza yatoa miale pembeni kama taa ya gari usiku wa mvua. Pia picha yake ni safi katikati tu, ukitazama ukingoni kuna utando.

Lenzi za Quest 3 ni aina nyingine, waziita pankeki kwa sababu ni bapa, mwanga wapigwa kona mle ndani mara kadhaa kabla ya kufika jichoni, kwa hivyo hedseti yenyewe yawa nyembamba mbele na picha ni safi karibu mpaka ukingoni. Skrini nayo ina pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho. Mtu wa Nairobi aliyekaa kwa chumba cha baridi anaweza kukwambia tofauti si kubwa hivyo, na huenda kwake si kubwa. Lakini sisi twatoka jasho bana. Dakika kumi za gemu ya kurusha mikono mwezi wa Februari, kaskazi imekufa, feni inazungusha hewa moto ile ile, uso umeloa, na hedseti yaanza kuteleza taratibu puani. Kwa Fresnel, ikiteleza milimita tatu nne umetoka kwa ile sehemu safi ya katikati, kila kitu chawa ukungu, wainua mkono waisukuma juu, baada ya dakika yateleza tena. Kwa pankeki yateleza vile vile, jasho ni jasho, ila bado waona. Mimi ningekuwa nachagua kwa macho ya hapa hapa, hio ndo sababu ya kwanza ya kuongeza pesa, wala sio idadi ya pikseli. Na kama pesa haziongezeki, chukua 3S kisha ununue mkanda mzuri wa kichwa wenye skrubu ya kukaza nyuma, ule wa kitambaa unaokuja nao ukilowa jasho unalegea kama lastiki ya suruali kuukuu.

Bado tuko machoni. Pima umbali kati ya mboni zako kabla hujanunua. Simama mbele ya kioo, rula juu ya paji la uso, funga jicho la kulia uweke sifuri sawa na mboni ya kushoto, kisha bila kutikisa kichwa wala rula fungua la kulia ufunge la kushoto, usome namba iliyo sawa na mboni ya kulia. Watu wazima wengi huangukia karibu na milimita 63. Quest 2 na 3S zina vituo vitatu tu, 58, 63 na 68, wachagua kimoja. Quest 3 ina gurudumu la kuzungusha taratibu kutoka 58 mpaka 71. Mimi nimepata 66, yaani katikati ya vituo viwili, na kwa 3S ya rafiki yangu baada ya nusu saa kichwa chagonga hapa juu ya nyusi, nimejaribu 63 nimejaribu 68 zote hazinikai. Mkewe ana 63 kamili na haelewi nalalamika nini. Kwa hivyo mtu akikwambia hii hedseti inaumiza macho ama hii ni raha tupu, muulize namba yake kwanza. Wenye miwani ya macho wajaribu kuivaa nayo kabla ya kulipa, na wachunge kioo kisigusane na lenzi maana mkwaruzo wa pale hauondoki.

Tuje kwa majiko ya nje. Kama tayari una PS5 nyumbani, PlayStation VR2 ni dili la kufikiria sana. Ilitoka Februari 2023 kwa dola 550, Machi 2025 Sony wakaishusha mpaka dola 400. Skrini yake ni OLED, nyeusi ni nyeusi kweli, gemu ya usiku ama ya kutisha mle ndani si mchezo, na Gran Turismo 7 yachezwa ndani yake ukiwa umekaa kitini, kwa hivyo asiye na nafasi ya kuzunguka apumua. Ni waya mmoja tu mpaka kwa mashine. Lakini nasema PS5, si PS4, na gemu za ile VR ya kwanza ya PlayStation haziingii. Mwaka 2024 wakatoa na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, kwa dola 60, sasa hapo kuna mtego: kompyuta iwe na tundu la DisplayPort 1.4 na iwe na Bluetooth, na leptopu nyingi tulizo nazo zina HDMI peke yake.

Na kompyuta. Ukisikia watu wanazungumza kuhusu Half-Life: Alyx kwa heshima kama wanazungumza kuhusu mtu, hio ni gemu ya 2020 na ni ya kompyuta tu, na kiwango chake cha chini kabisa ni RAM GB 12 na kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye GB 6. Cha chini kabisa. Leptopu ya ofisi yenye grafiki za ndani za Intel haitainua, hata ukiisomea dua. Kama huna kompyuta ya gemu usinunue VR ya kompyuta ukisema kompyuta itakuja baadaye, baadaye hio huijui. Na uzuri wa Quest ni kuwa zote tatu zapika zenyewe na pia zakubali kupikiwa na kompyuta, kwa waya wa USB-C ama kwa waifai, kwa hivyo siku kompyuta ikija huanzi upya.

Hapo kwa waifai ndo kuna uwongo mwingi mtaani. Watu wadhani wahitaji intaneti ya kasi kubwa, wapigia kampuni simu wapandishiwe kifurushi, na hakuna haja. Picha yatoka kwa kompyuta yako, yapita kwa rauta yako, yaingia kwa hedseti yako, haitoki nje ya nyumba hata kidogo. Intaneti ya ovyo kabisa haiharibu kitu. Kinachotakiwa ni kompyuta ichomekwe kwa rauta na waya wa kawaida wa mtandao, na hedseti ishike ile waifai ya 5GHz ikiwa chumba kimoja na rauta. Chumba kimoja, nimesema. Kama waishi Mji wa Kale kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, ukuta unene wake kama urefu wa mkono, 5GHz haipiti pale, utaona picha yakatika katika kama redio ya mbali ukadhani hedseti mbovu. Rafiki yangu wa Kibokoni alihangaika wiki mbili, akabadilisha waya, akafuta programu akarudisha, kumbe rauta iko ukumbini na yeye yuko chumba cha nyuma. Alipoihamisha tu ikatulia.

Kichefuchefu nacho. Mshawahi kupanda mashua ya kwenda Wasini siku ya bahari chafu? Masikio ya ndani yasema twayumba, macho yakitazama ndani ya chombo yasema tumetulia, ubongo ukikosa wa kumwamini tumbo ndo lalipa. VR ni hio hio ila kinyume: macho yasema twakimbia, masikio yasema umesimama sebuleni. Kuna sehemu ya hedseti hapo ndani, skrini ikionyesha picha 90 ama 120 kwa sekunde na isichelewe kukufuata shingo ni afadhali, ndo maana kompyuta dhaifu huchafua tumbo haraka. Lakini sehemu kubwa ni gemu uliyoanza nayo. Beat Saber umesimama pale pale wakata mabokisi, hakuna mwendo wa uongo, karibu kila mtu aiweza. Mtu aliyewekwa kwa gemu ya ndege ama ya kukimbia kwa kijiti cha kontrola, ile rimoti ya mkononi, siku ya kwanza, huyo umemwonea. Na ukihisi kijasho chembamba cha baridi na mate yamejaa mdomoni vua hapo hapo, usijitie ubaharia, ukilazimisha mwili washika chuki na hio kitu na kesho ukiivaa tu tumbo lakumbuka.

Sasa chumba, kile nilichoanza nacho. Gemu za kutembea zataka mita mbili kwa mbili zilizo wazi. Chumba cha kukodi cha futi kumi kwa kumi ukitoa kitanda cha nne kwa sita umebaki na futi sita za upana, hio ni mita 1.8, na hujatia kabati, jerikeni za maji wala viatu. Hedseti itakuruhusu uchore mpaka sakafuni na ukiukaribia itakuonyesha ukuta wa mistari, vizuri, lakini ule mpaka ni wa pembeni, juu haujui kitu. Na sisi juu tuna pangaboi. Nimeona kwa macho yangu, kijana amenyanyua mikono yote miwili kushika upanga wa kwenye gemu, pangaboi liko spidi ya nne, ule mlio wa tak ulinyamazisha nyumba nzima. Kontrola ilivunjika duara lake, kidole kilifura wiki moja. Kama dari yako ni fupi zima pangaboi uweke feni ya kusimama pembeni, na hio ina faida ya pili ambayo hakuna karatasi itakwambia: upepo ukikupiga kutoka upande mmoja wajua umeelekea wapi hata macho yakiwa yamefungwa, hutagonga tivii. Na usizime taa. Hizi kamera zinazokujua uliko zaona kama wewe, gizani hazioni, 3S ina taa zake za infraredi za kusaidia ila usiitegemee kwa giza totoro.

Jua sasa, niliahidi. Kumbuka vile tulivyochoma karatasi na kioo cha kukuza tukiwa madrasa. Zile lenzi mbili za hedseti ni vioo vya kukuza vinavyotazama skrini. Jamaa yangu aliiweka dirishani ikiwa imelala chali, lenzi zaangalia nje, akaenda kununua mahamri na mbaazi. Jua la saa tatu asubuhi. Aliporudi kila jicho lilikuwa na mchirizi wa manjano katikati, na ule hautoki, hakuna fundi, skrini imeungua. Dakika chache zatosha. Kwa hivyo usicheze barazani mchana, usiiache ndani ya gari, na ukiivua ifunike. Unyevu nao mnaujua, muulize mpiga picha yeyote wa beach kuhusu kuvu kwenye lenzi: weka kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja kwa boksi za viatu. Lenzi pangusa kwa kitambaa kikavu laini, spiriti usiguse.

Na kwa sababu hapa hakuna kitu cha mtu mmoja, hio hedseti itavaliwa na nyumba nzima na majirani. Mwanzo wa 2024 mnakumbuka macho mekundu yalivyotuzungukia Pwani hii, kila nyumba na matone yake ya macho. Nunua kile kifuniko cha silikoni cha uso, chafutika kati ya mtu na mtu, sponji ya kawaida yanywa jasho la kila mmoja na kulihifadhi. Watoto, Meta wasema kuanzia miaka 10, Sony wasema 12, nami naona hao watengenezaji si watu wa kukataa wateja bure, kwa hivyo wakisema hapana yule wa miaka sita mnyime.

Mitumba kwa haraka. Ukiona HP Reverb G2 ama hedseti yoyote iliyoandikwa Windows Mixed Reality, ule mfumo wa VR wa Microsoft, kwa bei tamu, piga moyo konde upite, Microsoft walitangaza Desemba 2023 kuwa wanaiacha na Windows 11 toleo la 24H2 limeshaitoa kabisa. Kuna mafundi wametengeneza njia zisizo rasmi za kuzifufua, hio si vita ya mtu anayeanza. Quest ya kwanza kabisa nayo Meta wameshaifungia mlango. Kwa zingine, iwashe mbele ya muuzaji, fungua ukurasa mweupe ujaze macho yote, angalia michirizi na madoa ya jua. Acha kontrola bila kuigusa uone kama kuna kitu chatembea chenyewe. Kisha mwambie aitoe kwa akaunti yake na kufuta kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani ukiwa umesimama hapo, na akikwambia ina gemu thelathini ndani mwambie gemu ni za akaunti yake, hazihami, asikupandishie bei.

Basi mtoto wa ami, kurudi kwake. PS aliyo nayo ni PS4, alidhani PS ni PS. Leptopu ni ya kazini. Mboni zake 63. Zote hizo zilimpeleka kwa 3S bila mimi kusema jina lolote, ikabaki chumba, na chumba alipima usiku ule ule, mita moja na nusu. Akaja na wazo la kuchezea juu darini, kuna hewa na nafasi tele. Nikamwambia mchana jua litaichoma, usiku kamera hazioni, na ule ukuta wa pembeni wakufika magotini nawe umefungwa macho, wataka tukuokote Makupa? Akanyamaza. Sasa wanacheza sebuleni kwa mamake baada ya Isha, stuli ya kioo yatolewa koridoni, na sakafuni amebandika utepe mweusi mita mbili kwa mbili. Bi mkubwa mchana hutandaza mkeka ndani ya hio hio mistari akachambua mchele, asema utepe umemsaidia, wajukuu hawamkanyagii tena ungo.